Mwaka Niliosema Sijui

Habari ya kufa kwa Bakari ilinifika nikiwa mkutanoni. Tangu mvua za vuli tumekuwa tukikutana katika chumba kimoja cha chuo huko Mombasa, watu wa fani mbalimbali, tukijaribu kukubaliana juu ya elimu anayopaswa kuwa nayo mtu wa kuchunguza ushahidi uliomo ndani ya kompyuta na simu, kabla hajaruhusiwa kusimama mbele ya hakimu. Mhadhiri mmoja anashikilia kwamba asiyejua jinsi diski inavyohifadhi na kufuta habari hana anachokichunguza. Wakili anataka sheria ya ushahidi itangulie. Afisa mstaafu wa polisi anasema wote wawili wanasahau kuwa kazi huanzia mlangoni, pale askari anapokiona kifaa na mkono ukamwasha akiguse. Kila mmoja ana haki yake. Siku hiyo mwenyekiti alikuwa ametuomba kila mtu ataje somo moja ambalo likikosekana yaliyobaki hayana maana, na zamu yangu ilikuwa inakaribia, simu ilipotetema mapajani mwangu. Ujumbe ulitoka kwa mtu niliyefanya naye kazi Diani zamani. Bakari wa Gazi ametutoka, aliandika, amezikwa jana alasiri. Nikaomba radhi, nikatoka kibarazani, nikawatazama wanafunzi wakinunua mihogo ya kukaanga bila ya kuwaona hasa. Niliporudi ndani zamu yangu ilikuwa imepita, nami sikuiomba tena.

Mwaka uliotukutanisha mimi na Bakari ulikuwa wa tisini na nane. Mwaka uliotangulia kulikuwa na fujo huku pwani ya kusini. Watu wa bara walifukuzwa, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na wageni kutoka Ulaya wakaacha kuja. Mimi niliajiriwa baada ya hayo, kwa kuwa wengi waliokuwa na kazi kama yangu walikwisha kufunga mizigo na kurudi kwao. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na cheti changu cha kompyuta nilichokipata Machakos, na sikuwa nimepata kuiona bahari. Hoteli yenyewe ilikuwa kubwa na tupu. Taa za ujia zilizimwa ili kupunguza gharama, maji ya bwawa yaligeuka rangi ya kijani, na tumbili walivikalia vitanda vya kuotea jua kana kwamba wao ndio waliolipa. Asubuhi nilipita mbele ya milango mingi iliyofungwa, nikisikia viatu vyangu tu. Ofisi yetu ya kuhifadhi vyumba ilikuwa nyuma ya mapokezi, haina dirisha, ina feni iliyokuwa ikikwaruza, na zulia lililonuka unyevu wa chumvi. Humo mlikuwa na kompyuta moja, printa moja ya utepe iliyopiga kelele kama cherehani, na Bakari.

Alikuwa mkuu wangu, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alianza kazi kwa kupiga taipu katika ofisi za bandarini na vidole vyake havikusahau. Aliigonga kibodi kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Aliniita dadangu tangu siku ya kwanza, na akanisahihisha Kiswahili changu bila kunivunja uso. Nikisema ninaenda kwa duka, alingoja kidogo, kisha akasema kwa upole, "Dukani, dadangu. Ukifika niletee na mimi biskuti." Wengine hawakuwa hivyo. Hawakuwa wabaya, walikuwa waangalifu. Nikiingia jikoni Kidigo kilinyamaza, kikaja Kiswahili cha salamu, na salamu zilipokwisha hakikuja kitu. Kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya hoteli niliishi chumba kimoja na Rose, msichana wa bara aliyekuwa akihudumu mkahawani. Rose alijaza chumba kwa redio na maneno, lakini maneno yake yote yalikuwa juu ya siku atakayoondoka.

Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Ijumaa. Bakari alipogundua kuwa ninaimaliza kitandani nikitazama dari, alinialika kwao Gazi, nami nikawa nikienda kila Ijumaa baada ya sala. Mkewe, Mwanakombo, alitandika mkeka uani mahali penye upepo wa mikoko, akaleta sima na mchuzi wa papa, na pembeni mchunga, mboga iliyo chungu hata machozi yakanitoka mara ya kwanza. Alicheka, akasema mgeni akiimaliza mboga ile basi si mgeni tena. Nikaimaliza. Mtoto wao Mejumaa alikuwa bado anatambaa, na alipenda kunipanda mgongoni nikila. Hatukuzungumza mambo makubwa. Bakari alinieleza watu wa Gazi, nani kamwoa nani, na Mwanakombo alinikatiza kunieleza vile ilivyokuwa hasa. Nimekula katika meza nyingi tangu wakati huo, nyingine za watu wenye vyeo, na sikumbuki nyingine niliyokaa bila kujiuliza ninatazamwaje.

Kikaratasi kilikuja asubuhi moja katika msimu wa mvua ndefu. Rose ndiye aliyekikanyaga alipoamka. Kilikuwa kimesukumwa chini ya mlango. Watu wa bara, kilisema, fungeni mizigo yenu kabla hatujawafungia. Mlango wa jirani yetu ulikuwa nacho, na wa jirani yake pia, milango yote ya watu wa bara wala si mmoja wa mtu wa pwani. Rose aliketi kitandani akaanza kutia nguo ndani ya begi, akazitoa, akazitia tena. Mimi nilikisoma kile kikaratasi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kilichonitia baridi hakikuwa maneno. Kila mstari ulikuwa na ufa mwembamba uliopita katikati ya herufi, kama uliokatwa na wembe. Niliujua ufa huo. Sindano moja ya printa yetu ilikuwa imevunjika, na kila karatasi iliyotoka ofisini kwetu ilikuwa nao.

Sikumwambia Rose. Nilikwenda kazini nikamkuta meneja, Bwana Kamau, amekwisha kufika kabla yangu, ameketi katika kiti cha Bakari. Naye aliutambua ule ufa. Alikuwa mtu wa Nairobi, si mtu mkorofi, na usiku wa fujo za mwaka uliopita alikuwa amejificha juu ya dari ya stoo ya vinywaji; tangu hapo macho yake hayakutulia. Alikuwa ameliona faili lenyewe ndani ya kompyuta. Alikuwa amelifungua, amelisoma, ameongeza nafasi ili lisomeke vizuri, amelihifadhi, kisha amelichapa upya. Leo nikifundisha uchunguzi wa kompyuta, hapo ndipo ninaposimama kwa muda mrefu. Ninawaambia vijana kwamba mtu aliyetaka ukweli kuliko wote ndiye aliyeuchafua kwanza, na hakujua. Kwamba ushahidi wa aina hii ni kama unga uliomwagika sakafuni, huwezi kuuendea kuutazama bila kuacha nyayo zako. Kwamba cha asili hakiguswi, hutolewa nakala, na nakala ndiyo inayochunguzwa. Lakini wakati ule mimi mwenyewe sikuyajua hayo kwa majina yake. Nilijua tu kwamba saa ya kuhifadhiwa faili lile sasa ilikuwa saa ya asubuhi ile, na kwamba ya kwanza ilikuwa imekwisha kupotea.

"Tazama hapa," akasema Bwana Kamau. "Mwandishi. Soma."

Nikasoma. Palikuwa pameandikwa BAKARI.

"Bwana Kamau, niruhusu nifungue mafaili mengine."

"Ya nini?"

"Niangalie tu."

Nilifungua menyu ya mpishi mkuu, aliyekuwa akija mwenyewe kuipiga kwa kidole kimoja. Mwandishi alikuwa Bakari. Nikafungua ratiba ya zamu niliyoiandika mimi Jumatatu ile. Bakari. Nikafungua tangazo la Kijerumani la kuwaonya wageni wasiwape tumbili chakula, na Bakari hakujua neno moja la Kijerumani. Bakari tena. Nikamweleza meneja kwamba programu ile ilipowekwa iliomba jina la mtu, Bakari akaandika lake, na tangu hapo kila kilichoandikwa na yeyote katika kompyuta ile kilipewa jina hilo. Neno la siri lilikuwa limebandikwa kwenye skrini kwa gundi ya karatasi, na mlango wa ofisi haukuwa na kufuli zima. Akaniuliza kuhusu tarehe; yeye alikumbuka kuwa kabla hajaligusa faili lilionyesha alasiri ambayo Bakari alikuwa zamuni. Nikamwambia kwamba betri ya kutunza saa ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika, nao siku hizo za mvua ulikatika ovyo, kompyuta ilirudi miaka ya nyuma mpaka mmoja wetu aikumbushe tarehe kwa kutazama kalenda ya ukutani. Mara nyingine tulisahau, na mara nyingine tulikosea.

"Mwende," akasema Bwana Kamau, na sauti yake haikuwa ya hasira, "wewe pia umekipata hicho kikaratasi. Chini ya mlango wako."

"Nimekipata."

"Sasa unamlinda nani?"

Adhuhuri askari walioitwa na meneja walikuja. Walimchukua Bakari mapokezini mbele ya wafanyakazi wote, naye aliomba tu aruhusiwe kuvaa viatu vyake vya kutokea, kwa kuwa alikuwa na malapa. Kisha waliingia ofisini kuchukua kompyuta, wakabeba skrini na kibodi, wakaviviringisha kwa shuka ya hoteli na kuvipakia nyuma ya gari. Sanduku lenyewe, lenye diski, wakaliacha chini ya meza likinguruma. Nikaliangalia. Ningenyamaza, hakuna mtu ambaye angejua. Kisha nikatoka nje nikamwambia koplo kwamba wanachokitaka bado kiko ndani, naye akarudi kulichukua, akalizima kwa kung'oa waya ukutani.

Alasiri ile niliitwa kituoni kuandikisha maelezo. Koplo alikuwa mtu mzima aliyechoka, na karibu naye palikuwa na bilauri ya chai iliyofunikwa kwa sahani.

"Wewe ndiye mtaalamu wa kompyuta?"

"Hapana, afande. Mimi ni karani."

"Karatasi imetoka kwenye mashine yenu?"

"Ndiyo. Imechapwa na printa yetu, na faili limo katika kompyuta yetu."

"Imeandikwa na Bakari."

"Sijui, afande."

"Si Bakari, basi."

"Sijui. Mwandishi ni mmoja wa watu waliokuwa wakiingia ofisini, na walioingia ni wengi. Kompyuta haimjui mtu. Inajua kitufe kilichobonyezwa tu, basi."

Aliweka kalamu chini. Nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo nilijua kuna chumba cha mahabusu, na nilijua Bakari aliyemo anasikia. "Binti," akasema koplo, "mimi nataka ndiyo au la."

"Ningekuwa nayo ningekupa."

Akaandika. Kwa sababu ya maelezo hayo, na kwa kuwa hapakupatikana kingine, Bakari aliachiwa baada ya siku chache. Vikaratasi havikuja tena. Aliyeviandika hajajulikana mpaka leo, na mimi nimeishi na orodha yangu ya watu, nikiigeuza kichwani kila mwaka, bila ya kuthubutu kumtaja mmoja.

Ningependa kusema kwamba ukweli una wenyewe, na kwamba wenyewe hao walikuja kunishukuru. Jioni ya siku ile Rose alikuwa akinisubiri mlangoni. "Ungesema tu ni yeye," akasema. "Ungesema, hii maneno iishe, tulale. Kwani yeye ni ndugu yako?" Wiki hiyo hiyo alihamia kwa msichana mwingine, akaondoka na redio yake, na chumba kikawa kimya hata nikaanza kusikia mchwa darini. Kanisani Ukunda watu wa kwetu walinipa mkono na kunyamaza, na benchi nililokaa lilibaki na nafasi. Watu wa pwani nao walikuwa wamesikia kwamba ni mimi niliyetoka nje kuwaita polisi warudi kuchukua sanduku. Hilo lilikuwa kweli, na sikuwa na njia ya kulieleza jikoni, kwa watu waliokuwa wakingoja nimalize kuchota chai niende zangu. Nikawa ninakula wima kando ya sinki, haraka, kisha ninarudi ofisini kukaa na kompyuta mpya niliyoifungia mlango kwa kufuli. Gazi sikwenda tena, na Ijumaa zilinijia kama adhabu. Nilifua nguo zilizo safi. Nilitembea ufukweni mpaka mahali ambapo nyayo za mtu mwingine hazikuonekana mchangani, na hapakuwa mbali.

Ofisini nilikuwa ninasoma. Nilimwomba fundi aliyekuja kutoka Mombasa aniachie vitabu vyake vya zamani, nikajifunza jinsi faili linavyokatwa vipande na kutawanywa, jinsi kilichofutwa kinavyobaki mpaka kifunikwe, na kila nilipojifunza kitu nilikipeleka kwenye asubuhi ile kuona kama kingebadilisha jibu langu. Hakuna kilichobadilisha. Miaka mingi baadaye, baada ya shahada na kesi nyingi, nimeirudia ile mashine kichwani mwangu na zana zote za leo, na jibu ni lile lile. Kwa hiyo ninajua ningesema nini mkutanoni kama zamu yangu isingepita. Ningesema tuwafundishe diski, na sheria, na namna ya kukifunga kifaa na kukitia alama. Tuwafundishe kuandika ripoti ambayo hakimu wa Kwale ataielewa bila mkalimani. Lakini tuwapime kwa kuwapa kesi isiyo na jibu, tuone ni nani atakayeweza kuandika sijui huku watu wote chumbani wana njaa ya jibu. Hilo linafundishika. Ambalo sijui linafundishwa wapi ni jinsi ya kwenda nyumbani baada ya kulisema.

Bakari alirudi hotelini mara moja tu. Hakufukuzwa kwa maneno. Aliambiwa apumzike mpaka wageni warudi. Alikuja asubuhi kuchukua vitu vyake, na mimi nikasimama kumpisha. Alichukua kikombe chake, mswala aliouweka nyuma ya kabati, na chupa ya gundi aliyoinunua mwenyewe. Alikuwa amekonda, na miwani ilikuwa na uzi mpya.

"Habari za nyumbani, kaka Bakari? Mwanakombo hajambo?"

"Hajambo. Sote ni wazima, alhamdulillahi."

"Na mtoto?"

"Anatembea sasa."

Nilingoja. Alisimama na vitu vyake mikononi, akalitazama lile kufuli nililoliweka mlangoni, kisha akanitazama mimi. "Nilisikia ulivyosema kule," akasema. "Ulisema ulichokijua. Ahsante, Bi Mwende."

Akaondoka. Hakuna aliyepata kuniita Bi Mwende kabla ya siku ile. Ilikuwa heshima, na ilinifungia mlango kwa adabu ambayo sikuweza kuigombea. Nilisikia baadaye kwamba alifungua kibanda cha kupiga taipu Msambweni, karibu na hospitali, akiwaandikia watu barua na maombi ya kazi. Mwisho wa mwaka nilihama nikaenda Nairobi, na kwa muda wote huo wa miaka sikwenda Gazi. Nilimtumia salamu kupitia kwa watu. Zilijibiwa kila mara, vizuri, kwa ufupi.

Jumamosi baada ya mkutano nilikwenda. Nyumba imeezekwa mabati sasa, lakini ua ni ule ule. Mwanakombo alikuwa ndani, katika eda, ameketi juu ya mkeka na tasbihi mkononi, na uso wake ulikuwa umezeeka pasipo kubadilika. Nikampa pole ya msiba. "Tushapoa," akasema, akanipigapiga kiganja, akanionyesha pa kukaa. Mwanamke mrefu aliyevaa buibui aliingia na sinia, akaliweka chini, akainama kunisalimu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiye Mejumaa huyu?"

"Ndiye," akasema mamake. "Ni mwalimu, hapo Msambweni."

Tulikula. Wageni wengine walikuwa wametoka kwenda kuswali, tukabaki sisi watatu. Kisha Mejumaa akanawa mikono, akaifuta polepole, akasema, "Shangazi, nina jambo nimekua nalo. Nilipokuwa shule Ukunda kuna watoto waliniambia kwamba babangu ndiye aliyetaka kuwafukuza wazee wao. Nikaja nyumbani nikamuuliza. Akaniambia, muulize Mwende, yeye ndiye aliyeitazama ile kompyuta. Sikujua nitakuona wapi."

"Kompyuta ilisema maneno yale yaliandikwa pale ofisini," nikamwambia. "Haikusema yaliandikwa na nani. Hata leo isingesema."

"Hayo nimeyasikia tangu utoto, na baba mwenyewe aliyasema hivyo hivyo." Hakuwa akinigombeza. Alikuwa na subira ya baba yake, ile ya kungoja kabla ya kukusahihisha. "Ninakuuliza wewe."

Nimesimama mahakamani mara nyingi kiasi cha kulitambua swali lisiloruhusiwa. Wakili wa upande wa pili angekuwa amekwisha kunyanyuka. Nilitazama mikono yangu, ikiwa na mafuta ya mchuzi, nikaona kwamba hakuna upande wa pili humu ndani.

"Hakuandika," nikasema. "Sina la kukuonyesha. Nilimjua, na hakuandika. Niliamini hivyo siku ile ile nikiwa mbele ya koplo, na sijaacha kuamini."

Mejumaa alitikisa kichwa kukubali, akaanza kukusanya vyombo, na niliona kwamba anaharakisha ili atoke nisiuone uso wake. Alipokwisha kutoka, Mwanakombo alikuwa ameacha kuzihesabu shanga za tasbihi.

"Hilo hukupata kumwambia Bakari," akasema.

"Hakuniuliza, dada. Hakuna aliyeniuliza."

"Hakuuliza, ndiyo." Alisogea kidogo ili nipate kuegemea ukuta. "Alikuwa akingoja useme bila kuulizwa."